Kubadilisha Namba

Kabla ya kuwasha skana, kabla ya kuvua koti,
kazi yangu ya kwanza ni kubadilisha namba.
Ubao uko mlangoni, chini ya saa ya ukutani:
SIKU BILA AJALI, kwa rangi ya kijani,
kulabu tatu, na vibati vyake ndani ya kopo la biskuti.

Saa kumi na moja alfajiri. Basi limetutapika
kwenye theluji iliyokanyagwa hadi ikawa kioo.
Ghala linanguruma peke yake, kama friji ya jirani.
Natoa saba, natundika nane.
Mia moja tisini na nane.
Namba imekaa wima, haina aibu.

Siku ya mia, nakumbuka, tulikosa sifuri ya pili.
Bwana Radosław akabandua duara la mlango wa choo cha wanawake
(huku kwetu Poland mwanamke ni duara, mwanamume pembetatu),
akalitundika, tukapiga makofi,
na wiki nzima madereva wa malori
wakawa wanaingia wasikotakiwa.
Tulicheka. Nami nilicheka.
Safari hii ameagiza mapema sifuri mbili mpya.
Mia mbili ikitimia: piza kwa wote,
na kikombe chenye nembo ya kampuni.

Jumatatu Myroslava alinivuta mkono, njia ya kumi na tisa:
"Tazama ile paleti ya vigae. Ubao wake wa chini umepasuka."
Nikatazama. Nikaandika kwenye daftari la kasoro
saa, njia, ghorofa ya nne ya rafu.
Bwana Radosław akasema tutaangalia,
akaliwekea daftari kikombe cha kahawa juu.
Mpaka leo lina pete ya kahawia
iliyouzunguka mwandiko wangu.

Jumanne vigae vilishuka.
Sikusikia ukelele. Nilisikia vigae tu,
kama mtu aliyemwaga sahani za harusi,
halafu skana yake ikilia pale sakafuni
kwamba amechelewa sekunde arobaini.
Arobaini na moja.
Arobaini na mbili.
Nilimfunga mkono kwa nailoni ya kufungia mizigo.
Ndiyo iliyokuwa karibu. Sanduku la huduma ya kwanza
lilikuwa na mkasi, na kalenda ya mwaka juzi.

Hawakuita ambulensi.
Ambulensi ina king'ora, na king'ora huandikwa.
Bwana Radosław alimpeleka kwa gari lake,
akatandika gazeti kwenye kiti,
na kwenye fomu akajaza: aliteleza kwenye ngazi za nyumbani.

Nimefika kwa Myroslava. Anakaa chumba cha chini
nyuma ya duka la matairi.
Hakuna ngazi. Hata kizingiti hakuna:
mlango ukifunguliwa, theluji inaingia kama mpangaji.
Mkataba wake ni wa wakala, wa wiki kwa wiki,
na wiki hii wakala hapokei simu.
Alinimiminia chai kwa mkono wa kulia,
akanisogezea sukari kwa ule wenye bendeji.
Kidole kimoja hakivunji chawa.
Yeye amebakiwa na vitatu, na chawa wa kampuni ni mnene.

Sasa nimesimama na kopo la biskuti.
Kesho kutwa piza.
Sifuri mpya zimo bado kwenye karatasi zake,
nyeupe, zinanukia rangi.
Nazifungua kabla ya siku yake.
Moja. Mbili. Ya tatu ni ile kuukuu, iliyochubuka.
Mikono inanitetemeka; nasema ni baridi.

Zamu inaingia, inakung'uta viatu.
Macho yanapanda kwenye saa, yanateremka, yanakwama.
Hakuna anayesema neno.
Bogusz, ambaye huendesha foklifti
kana kwamba anafukuzwa na mume wa mtu,
anatia ufunguo, anautoa,
anashuka, anakwenda kwa miguu mpaka njia ya kumi na tisa
na kuinua shingo.

Mlango wa ofisi unafunguliwa.
Vibati vingine vyote, tangu moja hadi tisa,
nimevitia mfukoni.
Vinagongana kila nikivuta pumzi.